Dobi Asiyetia Alama

Mume wangu ni dobi, na kabla hujanionea huruma nikwambie mapema kwamba dobi kama yeye hujawahi kumwona. Madobi wengine wote ninaowajua hutia alama. Nguo ikiingia hushonewa uzi wa rangi nyuma ya kola, au huandikwa kwa wino usiotoka, au hubanwa kijikaratasi kwa pini. Mume wangu hakuwa akitia alama yoyote. Alikuwa akipokea shati lako, analigeuza mara moja tu, kisha analitupa kwenye rundo la mashati meupe yanayofanana kama mayai. Ukirudi, unapewa lako. Halijawahi kuwa la jirani yako.

"Nguo ina mwenyewe tayari," alikuwa akiwajibu waliomuuliza. "Alama ya nini tena?"

Mimi ndiye ninayepiga pasi, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mama Pasi, kwa hiyo siri yake naijua. Yeye hasomi nguo, anamsoma aliyeivaa. Karani, mkono wake wa kulia umeng'aa kwa kusuguana na meza. Mwalimu, kola yake imelika upande mmoja kwa kugeukia ubaoni. Mwenye funguo nyingi, mfuko umelegea. Mara nyingine nilikuwa nikinyoosha suruali, naye yuko kwenye karo anasuuza, nasikia, "Huyu bwana ameanza kukonda. Ana jambo." Mimi namwambia hayo hayatuhusu. Yeye anasema hakuuliza, nguo ndiyo imemwambia.

Hata mimi alinipata kwa njia hiyo. Nilikuwa mteja. Nilimletea gauni la buluu lenye mstari mweupe kwenye pindo, nikalichukua, nikalipa, nikaenda zangu. Sikurudi hadi baada ya muda mrefu sana, na safari hiyo nilileta mashuka. Akanitazama akaniuliza, "Gauni lile la buluu, lenye mstari mweupe kwenye pindo, liko salama?" Nikajiambia, mwanamume anayekumbuka pindo la gauni langu hatasahau njia ya kurudi nyumbani kwangu. Wenzangu wameolewa kwa mashairi, mimi niliolewa kwa pindo, na sijawahi kujuta. Haya, nimejuta mara mbili tatu, lakini si kwa sababu ya kumbukumbu yake.

Mambo yalianza kuharibika kwa moyo. Asubuhi moja alikuwa anakamua blanketi, akaliachia, akashika ukingo wa karo kwa mikono miwili. Nilipomshika kifua, moyo ulikuwa unakwenda mbio ovyo ovyo, hauna mpango. Tulimpeleka kliniki iliyopo mwisho wa barabara yetu. Daktari wa pale ni mama mmoja mfupi, mwembamba, kijana kuliko binti yetu, na anajua kazi yake. Alimpima, akamlaza, akamtuliza, na alipomruhusu alimpa vidonge vidogo vya kumeza asubuhi na jioni. Vidonge vikafanya kazi. Moyo ukatulia, rangi ikamrudi, akaanza tena kunibishia. Nikashukuru.

Sikuona kilichokuwa kinaondoka upande wa pili. Kwanza zilikuja ndoto. Alikuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala, ananisimulia ameota kamba za nguo zinapanda juu hadi hazionekani. Tulicheka. Halafu akawa anasimama katikati ya chumba na pasi baridi mkononi, hajui alikuwa anaipeleka wapi. Halafu ikaja siku nikamwona ameshika shati, analigeuza, analigeuza tena, analiweka chini, analichukua. Nilipomuuliza kuna nini, akasema anatafuta doa. Shati lile halikuwa na doa lolote. Mume wangu alikuwa anamtafuta mwenye shati.

Kuanzia hapo nikawa napita nyuma yake. Akifunga furushi, mimi nalifungua kimya kimya kwa kisingizio cha kunyoosha kola, naondoa soksi za watu, narudisha za wenyewe. Mimi sina kipaji chake, lakini mtu huwezi kupiga pasi nguo zile zile miaka yote hiyo ukakosa kuzijua. Hakuna mteja aliyegundua. Yeye aligundua. Hakusema kitu, nami sikusema, tukawa tunapishana dukani kama watu waliokosana.

Siku moja nilitaka kumchangamsha. Nikamuuliza, "We mzee, lile gauni langu la kwanza lilikuwa rangi gani?"

Niliona macho yake yanakwenda huku na huku.

"Lilikuwa zuri," akasema.

Nilicheka kwa sauti ili asione nilivyoumia, kisha nikatoka nyuma kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Hapa lazima uelewe alichokuwa anaogopa. Baba yake naye alikuwa dobi, na alimaliza maisha yake amesahau kila kitu. Alianza kwa kuanika nguo za watu kwenye ua wa jirani, akaishia kumwita mwanawe kwa jina la mdogo wake aliyekwisha kufa. Mume wangu ndiye aliyemuogesha na kumlisha hadi mwisho. Kwa hiyo alipoanza kupoteza mashati, hakufikiria vidonge kwanza. Alifikiria damu ya baba yake. Baadaye, kwa sababu yeye si mjinga, akapiga hesabu zake mwenyewe na kuona kwamba ukungu ulianza na vidonge. Na hapo ndipo akafanya upumbavu.

Dobi yeyote atakwambia kitu cha kwanza ni kukagua mifuko. Maji hayana huruma. Ukisahau kalamu mfukoni umeharibu nguo za watu kumi. Siku hiyo nilikagua suruali ya mume wangu kama ninavyokagua ya mtu mwingine yeyote, nikakuta kikaratasi kimekunjwa, na ndani yake vidonge. Si kimoja. Alikuwa anavitia mdomoni mbele yangu, anakunywa maji, anageuka, anavitema.

Nilimfuata kwenye karo nikampa vidonge vyake, vya mkononi na vya mdomoni vyote pamoja. Sitarudia niliyoyasema, maana mengine hata mimi sikuyajua kama ninayo. Aliniacha nimalize.

"Nikivimeza, moyo unatulia na kichwa kinaondoka," akasema. "Nisipovimeza, kichwa kinaanza kurudi. Jana nilijua mashati ya watu wanne bila wewe kupita nyuma yangu. Baba alikufa hajui hata mkono wake ni wa nani. Mimi nitakufa najua shati nililolishika ni la nani."

"Na mimi je?" nikamwambia. "Wewe utakufa unajua shati ni la nani. Mimi nitabaki na shati, nitaongea nalo?"

Akainamisha kichwa. Alipoinama ndipo niliona mshipa wa shingoni unavyoruka. Vidonge alikuwa ameviacha siku chache tu na moyo ulikuwa umeshaanza vurugu zake. Nilimpa kimoja palepale nikamfumbua mdomo kuhakikisha, kama mtoto. Alikimeza. Lakini nilijua siwezi kumfumbua mdomo asubuhi na jioni maisha yake yote, na mtu akishaamua kuchagua kati ya moyo na kichwa, siku moja atakuzidi ujanja.

"Basi mwambie Daktari," nikamsihi. "Mwambie vidonge vinakusahaulisha. Labda kuna vingine."

"Daktari ni mteja."

Hapo ndipo palipokuwa na kifundo, na labda mtu asiye wa kazi hii hawezi kukielewa. Makoti yote meupe ya Daktari tunafua sisi. Na dobi hamwambii mteja kwamba anasahau, hasa dobi asiyetia alama. Ni sawa na dereva kuwageukia abiria akawaambia siku hizi haoni vizuri. Kwa hiyo kila alipokwenda kliniki alivaa shati nililomnyooshea, akakaa wima, na Daktari alipouliza, "Kuna shida yoyote, mzee?" akajibu, "Hakuna kabisa, Daktari. Mzima kama chuma." Mimi nimekaa pembeni naangalia viatu vyangu. Alikuwa ameniapisha nisitamke neno, na kwetu sisi wawili kiapo ni kiapo. Mficha maradhi kifo humuumbua, huo msemo nilikuwa nausikia kila tulipotoka mlango wa kliniki ile, lakini niliusikia peke yangu.

Sasa sikiliza kuhusu makoti. Katika mtaa wetu kuna watu wawili wanaovaa makoti meupe marefu. Mmoja ni Daktari. Wa pili ni mwenye bucha, jitu la mtu, mgongo mpana kama mlango, na mcheshi. Kwa mtu wa kawaida, makoti yao yakishafuliwa na kutiwa wanga yanafanana, ila moja ni kubwa. Kwa mume wangu yalikuwa mbali kama mbingu na ardhi: la Daktari lina kivuli cha wino kwenye mfuko wa kifuani ambacho hakitoki, na la mwenye bucha limelika begani pale anapobebea nyama.

Asubuhi hiyo makoti yote mawili yalikuwa mezani, yamekunjwa. Nilimwona mume wangu akichukua la mwenye bucha. Aliligeuza, akaliangalia vizuri, bega likiwa mbele ya macho yake. Akalifunga kwenye furushi la Daktari, akakaza kamba, akakata ncha, akalisukuma upande wa kuchukuliwa. Hakuwa na wasiwasi wowote. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba safari hii hakutafuta hata doa.

Nilinyoosha mkono kufungua furushi kama kawaida yangu. Halafu nikaukunja.

Niliapa kutosema neno. Sikuapa kuendelea kurekebisha mafurushi. Nilisimama pale nikafikiria aibu itakayompata, mwanamume ambaye hajawahi kumkosea mtu hata leso, na karibu nilifungue. Kisha nikakumbuka ule mshipa wa shingoni. Mjumbe wa kliniki alipokuja, nilimkabidhi furushi kwa mikono yangu mwenyewe, nikamsalimia vizuri, nikarudi kwenye pasi. Niliunguza kona ya foronya.

Mwenye bucha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja, maana alikuwa ametuma mtu achukue koti, naye akapewa lile lililobaki, akalivaa bila kuangalia. Tulimsikia kabla ya kumwona, anacheka barabarani. Alikuwa amejiingiza kwenye koti la Daktari, mikono inaishia kwenye viwiko, vifungo havikutani hata kwa maombi.

"Dobi!" akaita kutoka mlangoni. "Nimenenepa usiku mmoja au umenipandisha cheo? Watu wananiita daktari tangu asubuhi. Bibi mmoja amenunua maini akaniomba nimpime presha!"

Mume wangu hakucheka. Alitazama ule mfuko wa kifuani, wenye kivuli cha wino, na uso wake ukashuka. Kabla hajafungua mdomo, Daktari mwenyewe aliingia. Alikuja kwa miguu kutoka mwisho wa barabara, amevaa koti la mwenye bucha, limemfika kwenye miguu, mikono ameikunja mara nne. Wakatazamana wale wawili, na mwenye bucha akashikwa na kicheko kingine akashika mlango. Daktari alitabasamu kidogo tu. Macho yake yalikuwa kwa mume wangu.

"Mzee," akasema, "hujawahi kunikosea hata kifungo. Leo nimevaa hili wodini na wagonjwa wamecheka, nami nimecheka nao. Halafu nikaacha kucheka. Tangu lini?"

Mwenye bucha, Mungu ambariki, alielewa kwamba jambo si la mzaha, akavua koti taratibu, akaliweka kaunta, akachukua lake kwa Daktari na kutoka. Mume wangu alinitazama. Mimi niliitazama pasi. Nilijua kwamba angeweza bado kusema ni bahati mbaya, kwamba mke wake ndiye aliyechanganya, na kwamba angesema hivyo ningekubali kosa mbele ya Daktari, na mchezo ungeendelea hadi siku ya kumzika.

Akapiga moyo konde.

"Daktari," akasema, "nasahau."

Nimeishi na mwanamume huyu na nimemsikia akisema maneno mengi, mengine matamu, mengi ya kubishana. Hakuna niliyojivunia kama hayo mawili. Alisimama wima nyuma ya kaunta yake, mbele ya mteja wake, akasema kitu ambacho dobi hasemi, na sauti haikutetemeka. Mimi ndiye niliyelia.

Daktari alifunga mlango nusu, akaketi juu ya furushi la mapazia kana kwamba ni kiti cha ofisini kwake, akaanza kuuliza. Si ule uulizaji wa kuna shida yoyote. Aliuliza kuhusu usingizi, na ndoto. Aliuliza kama amewahi kupotea njia ya nyumbani, kama anasahau majina ya watoto, kama mikono inakuwa baridi. Aliuliza kuhusu baba yake. Mume wangu alijibu kila kitu, hata habari ya vidonge vya mfukoni.

"Nilipaswa kukuuliza hivi tangu mwanzo," Daktari akasema.

"Na mimi nilipaswa kukujibu," mume wangu akasema.

Kisha Daktari akatueleza, polepole, na nitajaribu kuyarudia kama nilivyoyaelewa. Mwilini kuna kemikali inayousukuma moyo ukimbie mtu anaposhtuka. Kidonge kinaziba milango ambamo kemikali hiyo hubisha hodi, ndiyo maana moyo unatulia. Lakini kemikali hiyo ina ndugu yake anayeishi kwenye ubongo, na kazi ya huyo ni nyingine: anakuweka macho, anakutia makini, na jambo likitokea anasaidia kulikaza likae kwenye kumbukumbu. Vidonge vya moyo vya aina hii havifanani. Vingine huyeyuka kwenye mafuta, na hivyo hupenya kwa urahisi hadi ndani ya ubongo na kuziba milango ya huko pia. Cha mume wangu kilikuwa cha namna hiyo.

"Watu wengi sana wanakimeza na hawahisi chochote," Daktari akasema. "Wachache wanaota ndoto za ajabu, wanachoka, wanasema kichwa kina ukungu. Hata wataalamu wanabishana ni wachache kiasi gani. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba ni dawa. Huenda ni usingizi mbovu, huenda moyo umetulizwa mno unapiga polepole, huenda ni hofu yenyewe. Tutapima damu, tutapima na tezi ya shingo, tutabadilisha kitu kimoja kimoja, na tutaona."

Mume wangu alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Yaani ni kama doa la mafuta," akasema. "Doa la mafuta halizuiliwi na kitambaa, linapita mpaka upande wa pili. La maji huwa linaishia juu."

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi tutajaribu cha maji. Kipo. Sehemu kubwa yake inabaki nje ya ubongo."

"Na hiki niache leo?"

"Thubutu!" Daktari alisimama, akamwelekezea kidole, mfupi vile vile alivyo. "Usiache dawa hii ghafla, leo wala kesho, wala kwa ushauri wa mtu yeyote wa mtaani. Moyo wako umezoea kuegemea hicho kidonge. Ukikiondoa kwa mpigo unaweza kukurupuka vibaya kuliko mwanzo. Tutakipunguza kidogo kidogo na kuingiza kingine, nami nitakuona kila wakati. Umenisikia, mzee?"

"Nimesikia."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nilisikia zamani," nikamjibu. Alinielewa.

Ungedhani hapo mume wangu angejificha nyumbani hadi apone. Hapana. Mchana huo huo alikwenda bucha, na mimi nikamfuata kwa mbali kwa sababu sikumwamini moyo wake wala miguu yake. Kulikuwa na watu wengi wanasubiri nyama. Akamwambia mwenye bucha mbele yao wote, "Kosa la koti ni langu. Nilisahau. Natumia dawa ya moyo na imenisumbua kichwa, naendelea kutibiwa. Mwenye nguo kwangu akiogopa, aje achukue, sitamlaumu."

Mwenye bucha akaegemea kisu chake akasema kwa sauti ya kusikika nje, "Mimi yangu yabaki. Nimependa kuitwa daktari." Watu wakacheka, na mwanamke mmoja akamvuta mume wangu pembeni kumuuliza kuhusu mumewe, ambaye naye ana dawa ya moyo na siku hizi anatafuta miwani iliyo usoni kwake. Mume wangu alimwambia maneno matatu: asiache, aende aseme.

Lakini sitakudanganya. Kesho yake karani mmoja alikuja kuchukua suti zake zote, akasema anasafiri. Hakusafiri popote, nilimwona dirishani kwake wiki nzima. Suti zile mume wangu alikuwa amezifua tangu karani huyo akiwa kijana mwembamba. Alimkunjia vizuri, akamfungulia mlango.

Jioni hiyo aliniomba sindano na uzi mwekundu. Nikamuuliza wa nini, na nilijua. Akavuta kiti mlangoni, pale ambapo kila mpita njia angemwona, akaanza kutia alama nyuma ya kola, shati moja baada ya jingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama na miwani puani, mbele ya mtaa uliokuwa ukimsifu miaka yote kwa kutofanya hivyo. Kuna waliopita wakatazama kando. Niliwatolea macho. Kisha nikachukua kiti changu, nikakaa karibu naye, nikawa namtungia uzi.

Kupona hakukuja kwa kishindo. Vipimo vya damu vilikuwa salama. Vidonge vya zamani vilipungua, vipya vikaongezeka, na kuna siku alichoka sana nikadhani tumepotea njia. Ndoto ndizo zilizoondoka kwanza. Halafu akaacha kusimama katikati ya chumba. Halafu siku moja, niko kwenye pasi, nikasikia kutoka kwenye karo, "Mwalimu ameanza kuandikia mkono wa kushoto. Nadhani ameumia bega." Sikumjibu kwamba hayatuhusu. Nilimwambia arudie.

Si kila kitu kilirudi. Majina ya wateja wapya yanamponyoka, na Daktari anasema umri nao unadai chake, na pengine hatutajua kamwe ni kipi kilichukuliwa na dawa, kipi na miaka. Kwa hiyo alama bado tunatia. Ila nakwambia, mara nyingi huwa amekwisha kusema shati ni la nani kabla hajageuza kola.

Mimi hata hivyo nilibaki na mwiba wangu. Sikumuuliza tena kuhusu lile gauni. Niliogopa ataniambia lilikuwa zuri.

Kisha mwezi uliopita mteja mmoja alileta gauni la buluu. Nilikuwa nalinyoosha mchana, mume wangu anapita na beseni, akasimama.

"Lako lilikuwa na mstari mweupe kwenye pindo," akasema.

Moyo wangu ukaruka, lakini mimi si mtu wa kununuliwa kwa bei rahisi. "Hayo nimewasimulia watoto mara mia," nikamwambia. "Hata paka wa jirani anajua pindo langu."

Akatua beseni. Akaanza kutabasamu kama mtu aliyekamatwa.

"Kifungo cha tatu kutoka juu nilikivunja mimi kwa pasi," akasema. "Nilizunguka mji kutafuta kinachofanana. Nikakishona kwa uzi mweupe, kwa sababu wa buluu ulikuwa umeniishia na wewe ulikuwa unakuja kulichukua. Uliporudi na mashuka, nilikuuliza kama gauni liko salama kwa sababu niliogopa umeona."

"Kwa hiyo hukuwa unanitongoza?"

"Nilikuwa natetemeka."

Nilizima pasi. Nilipanda chumbani, nikafungua sanduku, nikalitoa gauni langu chini kabisa ya nguo nyingine, nikaligeuza ndani nje dirishani. Kifungo cha kwanza, uzi wa buluu. Cha pili, buluu. Cha tatu, mweupe. Miaka yote hiyo nimelivaa, nimelifua, nimelinyoosha kwa mkono wangu huu unaojisifu, na sikuwahi kuona. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anaujua uzi ule isipokuwa yeye.

Nilishuka nalo nimelikumbatia, nalia na kucheka kwa pamoja, nikamwambia kwamba amenioa kwa udanganyifu. Akaliangalia, akapitisha kidole juu ya kile kifungo.

"Nikubadilishie uzi?" akauliza. "Wa buluu sasa upo."

"Ole wako uuguse," nikamwambia.

Jioni ilikuwa imefika. Alikwenda mwenyewe kwenye rafu, akatoa kidonge chake, akakimeza kwa maji ya bomba, nami sikumwangalia mdomoni. Kisha akachukua beseni lake akatoka nyuma kuanua nguo za watu.